Taa za Ziwani na Nyota Zinazofichwa

Yeyote aliyepata kukaa Masese azijua taa za wavuvi wa mukene. Usiku usio na mbalamwezi mitumbwi huondoka ufukoni ikaingia ndani ya ziwa, kila mmoja na taa yake ya kuwavuta samaki wale wadogo, ambao ndugu zetu wa Mwanza huwaita dagaa. Ukisimama juu ya mwamba ukatazama, waona safu ya taa huko mbali, kana kwamba mji mwingine umejengwa juu ya maji.

Muhula uliopita nilikuwa ufukoni na mwenzangu mmoja, kwa ruhusa, nasi tukaona jambo. Taa moja ilizimika, ikakaa kitambo kidogo, ikawaka tena. Mwenzangu akasema, "Betri yake imekwisha." Mara taa ya pili, iliyo kushoto kwa ile ya kwanza, nayo ikazimika na kuwaka, kisha ya tatu. Betri za watu watatu haziwezi kuugua kwa zamu namna hiyo. Ndipo tulipotambua ya kuwa mtumbwi usio na taa ulikuwa ukipita kati yetu na wavuvi, ukienda kushoto. Mtumbwi wenyewe hatukuuona kamwe. Hata hivyo tulijua kwamba upo, tulijua waelekea wapi, na kama tungalijua mwendo wake na kuzihesabu sekunde ambazo taa ilifichwa, tungaliweza kuukadiria urefu wake tukiwa tumekaa pale pale juu ya mwamba.

Nimeanza na mtumbwi huo kwa sababu nataka kueleza kazi moja ya wataalamu wa nyota ambayo si wengi waijuayo, nayo ni kuvipima vitu vilivyo mbali kabisa vinavyolizunguka jua letu, kwa kungoja vipite mbele ya nyota. Wao nao hungoja taa izimike.

Twajua sote kwamba dunia na sayari nyingine hulizunguka jua. Nje ya njia ya Neptune, iliyo sayari ya mwisho, kuna vipande vingi vya barafu na mawe, vikubwa kwa vidogo. Pluto ni kimojawapo. Kingine huitwa Quaoar, kilichogunduliwa mwaka 2002. Upana wake wapata kilomita 1,100, nacho kiko mbali nasi zaidi ya kilomita bilioni 6. Hesabu kubwa namna hii hazimwambii mtu kitu, basi nitaifupisha. Mpe mtu aliye Mbale sarafu ya shilingi mia tano aiinue juu, nawe uitazame kutoka Jinja, kwa mstari ulionyoka wa kilomita 130 hivi, bila kuzunguka na barabara ya Tirinyi. Hivyo ndivyo Quaoar ilivyo machoni petu. Hata darubini iliyo kubwa sana huiona kama nukta tu. Mtu atasemaje basi kwamba ameipima upana wake?

Jibu ni kivuli. Kila kitu kilicho mbele ya nuru kina kivuli chake. Mwezi ukipita mbele ya jua, kivuli cha mwezi huanguka juu ya dunia, nasi husema jua limepatwa. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli hicho kilipita Pakwach, na watu waliokuwa huko waliona giza la mchana kwa muda upatao sekunde ishirini, lakini huku Jinja jua lilibaki kipande. Wazee wa Ankole nao wana habari ya kale ya jua lililoanguka Biharwe, na wanahistoria wengi waliohesabu miaka husema huenda huko kulikuwa kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Hayo ni mambo ya mwezi, ulio karibu nasi.

Nyota nayo ni jua, ila iko mbali mno. Kwa hiyo kitu kama Quaoar kikipita mbele ya nyota, kivuli chake huja hata hapa duniani. Tena, kwa kuwa nyota iko mbali kupita kiasi, miali ya nuru yake hutufikia ikiwa sambamba, haitawanyiki kama miali ya taa ya mvuvi. Kwa hiyo kivuli hakinenepi wala hakikondi njiani. Kitu chenye upana wa kilomita 1,100 hutupa juu ya dunia kivuli chenye upana wa kilomita 1,100. Kile ambacho juu mbinguni kilikuwa sarafu ya Mbale, hapa chini ni umbo lake kamili, limechorwa juu ya nchi na maziwa kwa giza ambalo hakuna aliyepata kulihisi, isipokuwa yule anayeitazama nyota ile moja.

Kivuli hicho hakikai. Dunia yetu hukimbia kulizunguka jua kwa mwendo wa kilomita 30 kila sekunde, na vitu vile vya mbali huenda polepole sana. Basi wakati ule wa mwaka ambapo kitu chenyewe kiko juu usiku wa manane, kivuli chake hupita juu yetu kwa kilomita 25 hivi kila sekunde, kikitoka mashariki kwenda magharibi. Basi litokalo Mbale asubuhi hutufikisha Jinja baada ya saa tatu au zaidi, kwa kadiri ya abiria na kuku waliomo. Kivuli kingefika kwa sekunde tano au sita.

Kipimo chenyewe ni hesabu ya darasa la chini. Mtazamaji huandika sekunde ambayo nyota ilizimika na sekunde ambayo iliwaka. Nyota ikikosekana kwa sekunde 40, na mwendo wa kivuli ni kilomita 25 kwa sekunde, basi kivuli kilichompita mtu yule kilikuwa na urefu wa kilomita 1,000. Walakini huo ni mkato mmoja tu. Fikiri chapati iliyokatwa kwa kisu iwe vipande vyembamba virefu: cha katikati ni kirefu, vya pembeni ni vifupi. Ukipewa kipande kimoja hujui chapati ilikuwaje. Ukipewa vitano, na kuambiwa kila kimoja kilikuwa wapi, waweza kuipanga tena mezani, ukajua kama ilikuwa duara safi au imevutwa upande mmoja kama zile nipikazo mimi.

Kwa sababu hiyo watazamaji hawakai mahali pamoja wakipiga soga. Hutawanyika, wakaikata njia ya kivuli, mmoja huku na mmoja kule, kila mtu na darubini yake na saa yake. Na yule aliyekaa mbali kidogo, ambaye nyota yake haikuzimika hata kidogo, asidhani kwamba amepoteza usingizi bure. Yeye ndiye aonyeshaye mpaka: kivuli kimekoma kabla ya kumfikia.

Kisa kinachonipendeza kuliko vyote ni cha mwaka 1977. Ilikuwa imehesabiwa kwamba tarehe 10 Machi sayari Uranus ingepita mbele ya nyota fulani, na mahali pazuri pa kutazama palikuwa juu ya Bahari ya Hindi, huku kusini. Baharini hakuna mahali pa kusimamisha darubini. Lakini Wamarekani walikuwa na ndege kubwa iliyotobolewa ubavuni ikatiwa darubini ndani yake, na Bwana James Elliot na wenzake wakaruka nayo kutoka Perth, Australia, wakaelekea baharini usiku. Shabaha yao ilikuwa kuipima sayari na hewa yake, basi. Kwa kuwa wakati wenyewe haukujulikana kwa hakika, waliiwasha mitambo mapema, zaidi ya nusu saa kabla ya saa iliyotazamiwa.

Nyota ikafifia ghafula, ikarudi. Hapo kila mtu angedhani ni wingu jembamba, au mtambo umekosea. Ikafifia tena, na tena, mara tano kwa jumla, na sayari yenyewe haijafika bado. Sayari ikaja, ikaificha nyota, ikapita. Kisha upande wa pili nyota ikafifia tena na tena, kwa umbali uliolingana na ule wa kwanza. Wingu haliwezi kulingana kulia na kushoto. Ilikuwa pete! Hadi siku ile Zohali peke yake ndiyo iliyojulikana kuwa na pete, na tangu hapo Uranus ikawa ya pili. Watazamaji waliokuwa Cape Town, na wengine waliokuwa Kavalur huko India, nao walikuwa na maandishi yao ya usiku ule ule. Mimi hufikiri sana juu ya ile nusu saa. Kama wangaliwasha mitambo kwa saa iliyotazamiwa tu, kufifia kule kwa kwanza kungalipita bila shahidi ndani ya ndege.

Ndege hiyo hiyo ilifanya kazi nyingine tarehe 9 Juni 1988, safari hii juu ya Bahari ya Pasifiki, Pluto ilipopita mbele ya nyota. Nyota ikipita nyuma ya mwezi wetu huzimika mara moja kama mshumaa uliopulizwa, maana mwezi hauna hewa ya kutajika. Nyuma ya Pluto nyota ilififia polepole. Ndivyo ilivyohakikishwa kwamba Pluto, ingawa ni ndogo na baridi yake haisemeki, imevaa hewa nyembamba.

Sasa nije kwa kitu kidogo zaidi. Mwaka 2014 darubini ya Hubble iliyo angani iligundua kipande kimoja huko nje ya Pluto, ambacho baadaye kilipewa jina la Arrokoth. Chombo kiitwacho New Horizons kilikuwa njiani, nacho kilitazamiwa kukipita kipande hicho tarehe 1 Januari 2019. Yafaa msafiri ajue aendako, lakini nani angeijua Arrokoth? Ukirudi kwenye mfano wetu wa Jinja na Mbale, hiyo si sarafu tena, ni kitu kidogo kuliko punje ya ulezi. Kivuli chake kilikuwa na upana wa kilomita 30 hivi. Kingeweza kupita juu ya Jinja, na mtu wa Iganga asione kitu.

Tarehe 3 Juni 2017 watazamaji walijipanga Argentina na Afrika Kusini na darubini nyingi, wakakesha. Nyota haikuzimika kwa mtu hata mmoja. Wengine wangelia. Wao walikaa wakahesabu, wakaona kwamba ukimya huo nao ni habari, kwamba huenda kitu hicho ni kidogo kuliko walivyodhani. Tarehe 17 Julai wakarudi, safari hii Argentina karibu na mji wa Comodoro Rivadavia, wakiwa na darubini 24. Huko upepo huvuma kwa nguvu, na upepo ukiitikisa darubini kazi imeharibika. Wenyeji wakaleta malori yao wakayaegesha yawe ukuta wa kukinga upepo. Wakuu wa mahali wakazima taa za barabarani, na barabara kuu ikafungwa kwa saa mbili ili taa za magari zisiwasumbue. Mji mzima ulikaa gizani kwa ajili ya jambo lisilozidi sekunde moja au mbili! Na darubini tano zikaona nyota ikizimika.

Vipande vya chapati vilipopangwa mezani, umbo halikuwa duara. Lilionekana kama mtu ameshikamanisha vitu viwili. Chombo kilipofika siku ile ya Mwaka Mpya wa 2019 na kupiga picha, ikawa kweli: madonge mawili yaliyoshikana, urefu wake wote kama kilomita 36. Watu waliosimama katika upepo wa Argentina walikuwa wamekwisha kuiona sura yake, na kuificha nyota ndiko kulikowaonyesha. Katikati ya mambo hayo, tarehe 4 Agosti 2018, kivuli kingine cha Arrokoth kilikuwa kipite Senegal, na watazamaji wa kigeni wakaenda huko wakasimama pamoja na wataalamu wa Senegal wenyewe, ingawa ulikuwa msimu wa mvua na mawingu yaliwatia hofu.

Mambo mengine nitayapita upesi. Mwaka 2013 kitu kiitwacho Chariklo, chenye upana wa kilomita 250 hivi, kilitazamwa kutoka Amerika ya Kusini, kikaonekana nacho kina pete mbili. Hakuna aliyetazamia kitu kidogo namna hiyo kuwa na pete. Na ile Quaoar yetu ya sarafu, mwaka 2023 ilitangazwa kuwa ina pete, tena pete iliyo mbali na mwenyewe, mahali ambapo vumbi na mawe yalipaswa kukusanyika yawe mwezi mdogo. Kwa nini hayakukusanyika, wataalamu wangali wakijadiliana. Maandishi mengine yaliyoifunua pete hiyo yalitoka Namibia, katika darubini za H.E.S.S., ambazo zilijengwa kwa kazi nyingine kabisa. Zilikuwa mahali pafaapo usiku ufaao.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Kivuli hakichagui nchi tajiri. Kinaanguka kinapoanguka, na mara nyingi ni baharini. Kikianguka juu ya Busoga, darubini kubwa ya Chile au ya Hawaii haifai kitu kwa dakika ile, na darubini ndogo ya mtu aliyesimama Masese yafaa sana. Lakini mtu huyo lazima awepo. Asipokuwepo, kivuli kitavuka ziwa, kitapita juu ya mitumbwi ya mukene, juu ya Walukuba na Bugembe, juu ya mabweni yetu tumelala, na umbo lililochorwa juu yetu litafutika bila kusomwa na mtu.

Sisemi haya kwa sababu mimi ni hodari. Nitaeleza kosa langu ili lisirudiwe. Tulitaka kujizoeza kwa jambo jepesi, yaani mwezi unapoificha nyota, ambalo laweza kuonekana hata kwa darubini ya mkononi ya macho mawili. Ilikuwa jioni, mwezi nusu uko juu, na nyota moja ilikuwa ikikaribia ule upande wake wa giza. Mtoto wa baba mdogo yuko Mbale, naye alikubali kutazama kutoka uani kwao. Kivuli cha mwezi, tofauti na vile vya mbali, hutoka magharibi kwenda mashariki, nacho huenda polepole. Basi Masese ilipaswa kutangulia kuiona nyota ikizimika, na Mbale ifuate baada ya dakika mbili au tatu.

Nyota ilizimika. Nilipiga kelele kwa furaha, maana huzimika ghafula hata moyo ukashtuka. Nikaandika: saa mbili na dakika kumi na saba na sekunde tano. Barua ya Mbale ilipokuja, yeye alikuwa ameandika dakika kumi na sita. Kwa maandishi yetu, kivuli kilifika Mbale kabla ya kufika Masese! Nilikuwa tayari kumlaumu kijana yule. Kisha nikailinganisha saa yangu na ishara ya saa ya redio, nikakuta iko mbele karibu dakika nne, nami nimejivuna nayo mwaka mzima. Yeye alitumia simu ya baba yake, ambayo saa yake ilikuwa sahihi. Nilimwandikia kumwomba radhi, ingawa hakujua kwamba nimemlaumu moyoni.

Kwa mwezi, kosa la dakika nne ni aibu tu. Kwa kivuli kiendacho kilomita 25 kila sekunde, kosa la dakika nne ni kilomita 6,000. Mtazamaji atakuwa amekiweka kitu chake mahali ambapo hakijapata kuwa. Kosa la sekunde moja tu lingemhamisha mtu wa Masese hadi karibu na Mayuge.

Wako wazee wetu waliopita shuleni hapa ambao husoma kurasa hizi na kuuliza wanaweza kusaidia nini. Nitasema bila kuzunguka. Twahitaji darubini moja yenye kioo cha sentimita 20 au zaidi, hata kama imetumika. Twahitaji kamera ya kufungwa nyuma yake, kwa sababu jicho na kidole huchelewa, na kamera haichelewi. Zaidi ya hayo, twahitaji kifaa kidogo kinachopokea majira kutoka setilaiti na kuyaandika juu ya kila picha. Pasipo hicho, hivyo viwili vya kwanza ni vitu vya kuchezea. Njia za vivuli siku hizi hujulikana vizuri kuliko zamani, kwa sababu chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa mwaka 2013, kimezipima mahali zilipo nyota zaidi ya bilioni moja. Wataalamu huzitangaza kabla, nasi twaweza kutafuta zile zinazopita Uganda.

Mawingu yatatushinda mara nyingi. Ziwa letu huyaleta jioni kama desturi, na miezi ya mvua hatutaona kitu. Desemba hadi Februari, tena Juni na Julai, kuna usiku mwingi ulio safi. Kijana wa Mbale amekubali kuendelea. Mmoja wa kidato cha tatu ana shangazi yake Iganga, naye amesema atakwenda huko siku ya kazi, kama shangazi ataruhusu watu kukaa uani usiku wa manane. Tumekwisha kuandaa daftari lenye nafasi nne kwa kila mtazamaji: mahali, hali ya mbingu, saa ya kuzimika, saa ya kuwaka. Chini yake tumeweka nafasi ya tano, ambayo mwalimu wetu wa fizikia ndiye aliyetushauri tuiongeze: "Haikuzimika." Atakayeona hivyo ajaze hiyo, atie sahihi, alete.